Asilimia 99 ya Nani?

Tarehe 16 Mei 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kusaidia kutambua ugonjwa wa Alzheimer. Kipimo hicho, Lumipulse, hupima protini mbili katika damu na kutazama uwiano wake. Haikuchukua muda habari ikageuka njiani: eti sasa mtu atatolewa damu kidogo na kuambiwa kama akili itamtoka uzeeni. Kilichoruhusiwa ni kidogo kuliko hicho. Kipimo ni cha watu wa miaka 55 na zaidi ambao dalili zimeshaanza kuwatokea, walio mikononi mwa wataalamu, na majibu yake yanatakiwa kusomwa pamoja na uchunguzi mwingine. Mtu mwenye afya yake anayetaka kuchungulia yaliyo mbele hakuhusika katika utafiti ule wala hahusiki katika kibali kile.

Wanaolaumu waandishi wa habari kwa kupotosha wana haki yao, lakini kosa lina mizizi mirefu zaidi. Tumezoea kuamini kwamba usahihi ni mali ya kipimo, kama uzito ulivyo mali ya jiwe: ukishapimwa mara moja na kuandikwa kwenye boksi, mambo yamekwisha. Sivyo. Namba haimo ndani ya kipimo. Inapatikana pale vitu vitatu vinapokutana: kipimo chenyewe, watu waliopimwa, na kile kilichotumika kuamua nani kweli anaumwa. Badilisha kimoja, namba inahama. Ndiyo maana naona mabishano ya kila siku kati ya wanaotaka vipimo vipitishwe haraka na wanaotaka vicheleweshwe yanapita kando ya suala. Kipimo kinaweza kuchunguzwa miaka kumi kwa watu wasio sahihi na bado tusijue lolote la maana juu yake.

Tuanze na hesabu, maana wengi huikimbia. Kipimo hutajwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni usikivu: kati ya wagonjwa mia, kinawanasa wangapi. Ya pili ni umahususi: kati ya wasio na ugonjwa mia, kinawaachia wangapi waende zao. Tuchukue kipimo cha mfano chenye 90 kwa zote mbili. Kipeleke kliniki ya mabingwa, ambako kati ya watu 100 waliopewa rufaa, 50 wana ugonjwa. Kitawanasa 45 kati yao, na kitawasingizia 5 kati ya wale 50 wasio nao. Kati ya watu 50 walioambiwa “unao”, 45 wanao kweli. Sasa kichukue kipimo kilekile, kitendanishi kilekile, mashine ileile, ukitumie kwa watu 1,000 wa kawaida ambao 50 tu ndio wagonjwa. Kitawanasa wale wale 45. Lakini asilimia 10 ya watu 950 ni 95, na hao wote wataambiwa wanaumwa. Majibu chanya yamekuwa 140, na ya kweli kati yake hayafiki theluthi moja. Hakuna kilichoharibika maabara. Waliobadilika ni watu waliosimama kwenye foleni.

Rudi sasa kwenye zile namba za Lumipulse. FDA ilieleza kwamba kati ya waliopata majibu chanya, asilimia 91.7 walikuwa kweli na amana za protini ya amiloidi kwenye ubongo, na kati ya waliopata majibu hasi, asilimia 97.3 hawakuwa nazo. Hizi ni namba za foleni ile ya kwanza: watu 499 ambao uwezo wao wa kufikiri ulikuwa umeanza kutia shaka. Hazisafiri. Yapo mengine mawili ambayo msomaji wa haraka huyaruka. Kwanza, karibu mmoja kati ya watano, ingawa hawakufika idadi hiyo, alipata jibu lisilosema ndiyo wala hapana, na watu hao hawamo ndani ya zile asilimia nzuri. Kwa daktari aliyekaa na mgonjwa mbele yake, jibu la “hatujui” nalo ni jibu, na linadai kipimo kingine. Pili, kilichopimwa ni amana za amiloidi. Wapo wazee wengi wenye amana hizo ambao bado wanahesabu fedha zao vizuri na kuwakumbuka wajukuu kwa majina. Kipimo kimelinganishwa na picha ya ubongo au maji ya uti wa mgongo, na hicho ndicho kinachoweza kukitolea ushahidi. Kukuambia kama utasahau njia ya nyumbani ni swali ambalo hakuna aliyekiuliza.

Mfano wa pili ni vipimo vya damu vinavyosaka saratani za aina nyingi kwa mpigo. Galleri, kilicho maarufu zaidi, kilitangazwa kuwa na umahususi wa asilimia 99.5, na ni namba hiyo iliyokaa midomoni mwa watu. Lakini 99.5 ya nani? Ya wasio na saratani. Kwa wenye nayo, utafiti uleule uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba kipimo kiliwanasa asilimia 90 ya waliokuwa hatua ya nne, na asilimia 16.8 tu ya waliokuwa hatua ya kwanza, ambayo ndiyo hatua tunayotaka kuikamata. Kilipopelekwa kwa watu wapatao 6,600 wasio na dalili za saratani, katika utafiti wa PATHFINDER uliochapishwa 2023, kiliwanyooshea kidole 92. Uchunguzi ulipofika mwisho, 35 walikuwa na saratani na 57 hawakuwa nayo. Sisemi kipimo ni kibovu; kwa kazi ngumu kama hiyo, 35 kati ya 92 si haba. Ninachosema ni kwamba anayesikia “asilimia 99” na kisha akapata jibu chanya ataamini amekwisha, wakati kwenye jedwali yuko karibu zaidi na kutokuwa na saratani kuliko kuwa nayo.

Haya si mapya hata kidogo, na hapo ndipo uvumilivu wangu huniishia. Maneno usikivu na umahususi yaliingizwa kwenye fani ya uchunguzi wa magonjwa na Jacob Yerushalmy mwaka 1947, alipokuwa akishughulika na picha za eksirei za kifua na kuona kwamba wasomaji wawili wa picha moja hutofautiana, na kwamba msomaji mmoja hutofautiana hata na nafsi yake. Mwaka 1969 ikatolewa taarifa juu ya kipimo cha damu cha protini iitwayo CEA: kati ya wagonjwa 36 wa saratani ya utumbo mpana, 35 walikutwa nayo. Dunia ilidhani imepata jibu. Kilipotumika kwa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa changa, na kwa watu wenye magonjwa mengine ya tumbo na ini, sifa ikaporomoka. Leo CEA hutumika zaidi kumfuatilia mtu ambaye saratani yake inajulikana, si kumtafuta mgonjwa mpya. David Ransohoff na Alvan Feinstein walikieleza kisa hicho mwaka 1978 na kuonyesha ulipokuwa mtego: ukichukua wagonjwa waliozidiwa upande mmoja na watu wenye afya kamili upande wa pili, karibu kipimo chochote kitawatenganisha. Na jicho la mpita njia lingewatenganisha. Shida ya daktari iko katikati, kwa yule anayekohoa, aliyekonda kidogo, ambaye huenda ni hiki na huenda ni kile.

Mwaka 1999 Jeroen Lijmer na wenzake waliupima mtego huo. Walikuta kwamba tafiti zilizochukua wagonjwa wanaojulikana na kuwalinganisha na wazima huipandisha sifa ya kipimo, kwa kigezo kimoja cha kitakwimu, mara tatu ya tafiti zilizochukua watu mfululizo jinsi walivyoingia kliniki na mashaka yao. Baadaye yakaja masharti ya kuripoti tafiti za vipimo, yaitwayo STARD, ya mwaka 2003, yaliyoboreshwa 2015, yanayomtaka mtafiti aseme wazi alimpata vipi kila mtu, nani alisoma majibu bila kujua ya upande wa pili, mstari wa kutenganisha chanya na hasi uliwekwa lini, na majibu yasiyoeleweka yalikwenda wapi. Dawa tunazo, basi. Tunachokosa ni mazoea ya kuuliza kabla ya kushangilia.

Jambo moja hupotea kwenye jedwali: mikono. Niliwahi kukaa alasiri nzima na wataalamu wawili wa maabara waliokuwa wakisoma vipimo vya haraka vya malaria, vile vya kitone cha damu na matone ya dawa. Mstari wa uthibitisho, unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, ulikuwa umetokea sawasawa. Wa pili, ule wa malaria yenyewe, ulikuwa kivuli tu. Mmoja alikiinua kipimo dirishani akasema upo. Mwenzake akakigeuza, akatazama saa, akasema huo umejitokeza baada ya muda wa kusoma kupita, usihesabiwe. Wote wawili walikuwa na uzoefu, na hakuna aliyekuwa mzembe. Katika ripoti ya kiwanda, mstari ule ungekuwa chanya au hasi, na ubishi wao usingeonekana popote.

Ukidhani nakuza jambo, tazama kilichotokea Uingereza mwishoni mwa 2020 na kipimo cha haraka cha Covid cha Innova. Wanasayansi wa maabara walipokitumia, kiliwanasa takriban asilimia 79 ya walioambukizwa. Watu wa kawaida waliojifundisha kwa kusoma maelekezo walipokitumia, asilimia ilishuka hadi 58. Kilipopelekwa Liverpool kwa maelfu ya watu wasio na dalili, kiliwanasa asilimia 40 tu ya wale ambao PCR, kipimo cha maabara kinachosaka vinasaba vya virusi, iliwakuta navyo. Kipimo kimoja, namba tatu, na kila moja ni ya kweli mahali pake.

Watetezi wa kipimo kile walikuwa na hoja, nayo ni hoja nzito kuliko zote nitakazozitaja hapa. Walisema: PCR ndiyo iliyokosewa kuchaguliwa. PCR hunasa hata mabaki ya virusi kwa mtu aliyekwisha kupona, ilhali sisi tunataka kumjua anayeweza kuambukiza leo. Wakaonyesha kwamba kwa waliokuwa na virusi vingi sana, kipimo cha haraka kiliwanasa Liverpool zaidi ya asilimia 90. Nakubaliana nao nusu ya njia, na zaidi. Kipimo cha rejea lazima kifuate swali. Kama swali ni nani abaki nyumbani wiki hii, kukilinganisha kipimo cha haraka na PCR ni kukionea. Lakini hoja hiyo haiwezi kutumika kwa kuchagua. Ukisema kipimo ni cha kumkamata anayeambukiza sasa, huwezi tena kumpa mtu jibu hasi na ruhusa ya kwenda kumkumbatia bibi yake mgonjwa, maana hilo ni swali lingine na namba yake ni nyingine. Kilichokera katika siku zile si kwamba kipimo kilikuwa dhaifu, ila kwamba kilikuwa kikibadilishiwa kazi kila kilipohitaji namba nzuri zaidi. Wakati wa dharura kipimo pungufu kinaweza kuwa bora kuliko kukosa kipimo. Sharti kazi yake itajwe kabla, na isihamishwe kimyakimya.

Upande mwingine kuna ubishi wa kisheria. FDA ilitangaza mwaka 2024 kanuni ya kuvisimamia vipimo ambavyo maabara hujitengenezea na kuvitumia zenyewe, na tarehe 31 Machi 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ikaifuta. Kuna waliosherehekea kana kwamba vipimo hivyo vimethibitishwa, na kuna waliolia kana kwamba vimehukumiwa kuwa bandia. Mahakama haikufanya lolote kati ya hayo. Iliamua nani ana mamlaka, ikasema huduma ya maabara si kifaa tiba kwa maana ya sheria ile. Maabara zina hoja isiyodharaulika: kwa ugonjwa unaowapata watu wachache, hakuna kiwanda kitakachohangaika, na ukidai mlolongo mrefu wa vibali mgonjwa huyo atakosa kipimo kabisa. Hata hivyo usimamizi unaobaki, ule wa CLIA, sheria ya Marekani ya kusimamia maabara, unaangalia zaidi kama maabara inapima sawasawa inachosema inakipima. Kama kitu hicho kinasema lolote kuhusu ugonjwa wa mtu, haulizi. Ulaya ilikwenda upande wa pili na kanuni yake mpya iliyoanza kutumika Mei 2022, ambapo vipimo vingi vilivyokuwa vikithibitishwa na watengenezaji wenyewe sasa vinahitaji jicho la nje. Muda wa kutekeleza umesogezwa zaidi ya mara moja, kwa sababu macho hayo hayatoshi. Napendelea njia ya Ulaya, pamoja na uzito wake, lakini sidhani foleni ya makaratasi inatibu tatizo ikiwa karatasi yenyewe haiulizi ni watu gani walipimwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi: kipimo hakimdhuru mtu, kujua ni bora kuliko kutojua. Ingekuwa hivyo, kisa cha Japani kisingekuwepo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 nchi hiyo iliwapima mkojo watoto wachanga wa miezi sita kutafuta nyuroblastoma, saratani ya utotoni. Kipimo kilifanya kazi. Vivimbe vilionekana, vingi kuliko awali, na waliotibiwa waliishi vizuri mno. Kisha tafiti mbili kubwa, ya Quebec na ya Ujerumani, zikatoka mwaka 2002 na kuonyesha kwamba upimaji haukupunguza vifo. Vivimbe vingi vilivyonaswa vilikuwa vya aina inayoyeyuka yenyewe; vile vikali vilikuja baadaye, vikawakuta watoto ambao mkojo wao ulikuwa safi. Watoto wa watu walipasuliwa na kupewa dawa kali kwa ugonjwa ambao ungeondoka bila kuaga. Japani ilisimamisha mpango huo mwaka 2004. Korea Kusini ilipoanza kuwapima watu tezi ya thairoidi kwa altrasaundi, saratani hiyo ilipofika 2011 iliripotiwa mara 15 ya ilivyokuwa 1993, na idadi ya waliokufa nayo haikubadilika. Katika jaribio la Uingereza la saratani ya ovari, lenye wanawake zaidi ya 200,000, njia mojawapo ya upimaji ilinasa saratani nyingi zaidi katika hatua za mwanzo, jambo ambalo lingetosha kwa tangazo lolote la biashara. Matokeo ya 2021 yalionyesha vifo havikupungua.

Kipo pia kinyume chake, na hiki huwasumbua hata wenzangu tunaokubaliana. Kipimo cha Xpert cha kifua kikuu kilifanyiwa tathmini nzuri. WHO ilikiidhinisha mwishoni mwa 2010, na kinapita hadubini kwa mbali, kwa kuwa kinamnasa hata mgonjwa ambaye makohozi yake hayaonyeshi bakteria. Jaribio lililochapishwa 2014, lililofanyika Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe na Tanzania, lilikiweka kwenye kliniki za kawaida mikononi mwa wauguzi. Wagonjwa wengi zaidi walianza dawa siku ileile. Hali yao baada ya miezi sita haikuwa bora kuliko ya wenzao wa hadubini. Kwa nini? Kwa sababu madaktari walikuwa tayari wanawaanzishia dawa wagonjwa kwa kuangalia dalili na picha ya kifua. Wapo waliolisoma jaribio hilo kama hukumu dhidi ya Xpert, na walikosea. Lilisema kipimo hukutana na mazoea yaliyokikuta, na faida yake ni tofauti kati ya vile tungefanya nacho na vile tungefanya bila nacho. Hilo hulioni kwenye jedwali la usikivu hata ukilikodolea macho.

Programu za akili bandia zinazosoma picha zinaingia mlango uleule. Watafiti waliofundisha programu kutambua nimonia kwa eksirei waliripoti mwaka 2018 kwamba ilifanya vizuri zaidi kwenye picha za hospitali zilizoifundisha kuliko kwenye za kwingine, na kwamba programu za namna hiyo ziliweza kujua karibu bila kukosea picha imetoka hospitali ipi. Hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi wa nimonia kuliko nyingine, kwa hiyo kuijua hospitali kulikuwa nusu ya jibu. Ni mtego wa CEA, umevaa nguo mpya.

Hata kipimo kilichochunguzwa kwa watu sahihi hakijamaliza safari. Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini iitwayo HRP2. WHO na taasisi ya FIND walivipima kwa miaka, raundi baada ya raundi, kwa sampuli zenye vimelea 200 na 2,000 kwa kila mikrolita ya damu, na ile ilikuwa miongoni mwa kazi safi kabisa za tathmini. Mwaka 2010 watafiti waliripoti kutoka Peru vimelea visivyo na jeni ya protini hiyo. Kisha Eritrea, wagonjwa wakaanza kuonekana wana malaria chini ya hadubini huku kipimo cha haraka kikisema hapana, na mwaka 2016 nchi hiyo ikaachana na vipimo vinavyotegemea HRP2. WHO sasa inashauri nchi ibadilishe kipimo pale ambapo zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wanakosewa kwa sababu hiyo, na ili kujua umefika asilimia 5, lazima kuwe na mtu anayeendelea kuweka tone la damu kwenye kioo na kutazama kwa hadubini hata pale kipimo cha haraka kimeshasema hapana.